Mjane Mwenye Hakimiliki

Pereira, 8 Aprili 2019

Doña Nubia mpendwa,

Hunijui. Mimi nakufahamu kwa picha tu, ile iliyokuwa juu ya meza ya marehemu mumeo Don Gildardo, umekunja uso kama mtu aliyelazimishwa kucheka. Pole sana kwa msiba. Habari za kifo chake zilinifikia wiki tatu baada ya maziko, ndiyo maana hukuniona.

Naitwa Derly Marcela. Nilifanya kazi kwenye ofisi yake hapa Pereira kwa miaka miwili, nikaacha mwaka juzi. Siku hizi niko kwenye duka la dawa hapa hapa mjini, mtaa wa Cuba, na namlea binti yangu Salomé, ana miaka tisa.

Nina ombi dogo tu. Kuna karatasi inayotaka sahihi ya mwenye ofisi, na kwa kuwa Don Gildardo hayupo, mwenye ofisi ni wewe. Ni mambo ya kiofisi, yasikuumize kichwa. Nimeweka alama ya penseli pale pa kusaini. Ukishasaini irudishe kwa basi la saa nne, nitaipokea stendi mwenyewe. Ningeshukuru nikiipata wiki hii.

Mungu akutie nguvu,
Derly Marcela


Salamina, 10 Aprili 2019

Binti Derly Marcela,

Asante kwa pole yako.

Nimefanya kazi kwa mthibitishaji wa hati wa mji huu miaka thelathini na mmoja, nikipiga chapa hati za mashamba, wosia na viapo. Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba mtu akikuonyesha pa kusaini kabla hajakuonyesha pa kusoma, shika mkoba wako. Karatasi yako nimeisoma mara tatu. Inaniita "mwenye hakimiliki ya kazi iliyotajwa hapo juu", na hapo juu hapajatajwa kitu.

Marehemu alikuwa na ofisi ya simu, ya kuwauzia Wamarekani bima. Bima haina hakimiliki. Kazi gani hiyo? Nani ameiiba? Niandikie kama unavyozungumza na mtu mzima, nami nitakujibu. Simu usinipigie. Kuta za nyumba zetu huku ni mianzi na udongo, na masikio ya jirani yangu yanafika hadi mji wa Manizales.

Nubia Londoño, mjane wa Arango


Pereira, 12 Aprili 2019

Doña Nubia,

Mficha uchi hazai. Basi nafunua, na unisamehe.

Ile haikuwa ofisi ya bima. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili yenye vyumba kumi na kimoja, na kila chumba kina kitanda, taa na kamera. Wanaume wa nchi za mbali walikuwa wanalipa ili watuangalie tukivua nguo, na mengine nisiyoweza kukuandikia. Hakuna aliyetugusa. Mumeo hakunigusa hata siku moja, hilo nakuapia. Alikuwa anatukumbusha tunywe maji, na kila Ijumaa alituletea empanada za nyama. Jina langu mle ndani lilikuwa Ámbar. Nilivaa wigi jekundu na kinyago cha macho, kwa sababu nilikuwa na mtoto wa miaka mitano na mama mwenye moyo mbovu.

Tuliambiwa kinachoonekana kinaonekana mara moja, basi, kimeisha. Uongo! Kuna watu wanarekodi, wanaiba, wanapandisha kwenye tovuti za bure. Video zangu zilizopo huko ni thelathini na saba. Nimewaandikia wenye tovuti mara kumi na tisa, kwa jina la Ámbar, nikiwaambia huyo ni mimi, nawaomba mfute. Wamenijibu mara moja tu. Wamesema mimi niliyemo kwenye picha sina haki yoyote, maana nilisaini mkataba kwamba kila kinachorekodiwa ni mali ya studio. Anayeweza kudai kifutwe ni mwenye hakimiliki peke yake, na akidai yeye kinafutwa ndani ya siku mbili. Ngozi ni yangu, mama, lakini mwenye haki nayo alikuwa Don Gildardo, na sasa ni wewe.

Nakwambia kwa nini nina haraka. Baba yake Salomé, Wilmar, anaishi mji wa Armenia, si mbali na hapa. Amepata mke mpya na mwanasheria mpya, na anadai apewe mtoto. Shauri letu ni tarehe 12 Juni mbele ya komisaa wa familia. Hajui lolote bado. Lakini mwanasheria wake anazunguka akiuliza watu nilikuwa nafanya kazi wapi miaka ile, na Wilmar aliishi na sauti yangu miaka sita. Akiisikia sekunde kumi atanijua, niwe na wigi nisiwe nalo. Watanichukulia mwanangu, Doña Nubia. Nakuomba kwa magoti.

Derly


Salamina, 25 Aprili 2019

Binti,

Barua yako ilifika siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Niliisoma jikoni, nikaitupa kwenye jiko la kuni, nikaichomoa ikiwa imeungua pembe. Kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu akina mama wa parokia waliniona nalia, wakasema maskini, bado anamlilia mumewe. Nilikuwa namlaani.

Kwanza nilisema wewe ni mwongo. Kisha nikafungua sanduku lake, lile aliloniambia lina karatasi za kodi. Nimekuta mikataba arobaini na mitatu, nimeisoma yote. Aliyeiandika ni mjinga wa sheria lakini si mjinga wa wizi. "Milele, duniani kote, na kwa njia yoyote itakayobuniwa baadaye." Hatuandiki hivyo hata tunapouza shamba! Na wewe ukaweka sahihi? Ulikuwa unawaza nini, msichana wewe?

Nilikaa na mtu huyo miaka thelathini na minne. Mashati ya kwendea huko nilikuwa namnyooshea mimi, kola kwanza, kisha mikono. Nakuonea hasira wewe, na huku najua kwamba aliyeonewa ni wewe. Hiyo ndiyo hali yangu, sitaipaka rangi.

Nitafanya unachotaka. Si kwa ajili yako, bado. Ni kwamba mali yake imekuwa mali yangu, na siwezi kupiga magoti mbele ya altare nikiwa nimeshika kitu kama hicho mkononi. Nieleze hatua moja moja, polepole.

Nubia Londoño


Pereira, 27 Aprili 2019

Doña Nubia wangu,

Nimesoma barua yako nyuma ya kabati la dawa za kikohozi, nikalia mpaka mteja akaniuliza kama dawa zimepanda bei.

Uliuliza nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza maziwa ya mtoto. Nilisoma mstari wa kwanza na wa mwisho, nikasaini.

Ile karatasi ya kwanza iache, fomu yao inatosha. Hatua ni hizi. Nenda kwenye duka la intaneti, mwambie mwenye duka akufungulie anwani niliyoiandika nyuma ya barua hii. Itatokea fomu. Boksi la kwanza ni jina lako na anwani yako. La pili ni anwani za video, nimekuandikia zote thelathini na saba, moja moja, kwa herufi kubwa. La tatu linasema "eleza kazi iliyoibiwa". La mwisho unaapa kwamba uliyosema ni kweli tupu. Hapo kwenye la tatu andika unavyoona inafaa. Wewe ndiye fundi wa hati, mimi ni nani wa kukufundisha?

Salomé anauliza mbona naimba. Nimemwambia nina shangazi mpya milimani.

Derly wako


Salamina, 6 Mei 2019

Binti Derly,

Kazi imekwisha. Imenichukua siku nne. Mwenye duka alidhani naagiza rozari, nikamwacha adhani. Kila anwani nilitaka kuhakikisha kwamba ni yenyewe, maana siapi kwa kitu ambacho sijakiona, basi nilikuwa nafunika kioo kwa shali, nainua pembe kidogo, naona wigi, nafunika tena. Mungu anisamehe. Una mabega ya mtoto.

Fomu yao ni ya ovyo, haina hata pa kuwatambulisha wahusika. Hati isiyomtaja mtu kikamilifu ni karatasi ya kufungia jibini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha wengine. Kwa hiyo katika boksi la tatu nilisahihisha upungufu wao. Uone nilivyokutetea:

"Mwanamke anayeonekana katika kazi hizi kwa jina la bandia la Ámbar ni Derly Marcela Quiceno Bedoya, mwenye nambari ya kitambulisho iliyoandikwa hapa chini, mkazi wa mtaa wa Cuba, Pereira, mama wa binti mmoja, mtu wa tabia njema, ambaye hajaridhia kazi hizi zisambazwe."

Niliinakili mara thelathini na saba bila kukosea herufi. Nambari nilitoa kwenye mkataba wako. Mthibitishaji wangu wa zamani angeiweka ile kwenye fremu.

Nimekuwa nakuwaza, sasa naweza kusema. Shauri likipita mlete Salomé, nitampikia mayai ya mvuke kama tunavyoyapika hapa.

Nubia


Pereira, 14 Mei 2019

Doña Nubia, umefanya nini?

Fomu zile ni notisi, hazikai kwenye kabati la mtu. Tovuti inampelekea aliyepandisha video, neno kwa neno, na nakala inawekwa kwenye daftari la wazi mtandaoni, asome anayetaka. Video zilifutwa ndani ya siku mbili kweli. Siku ya tatu mwizi amezirudisha kwenye tovuti nyingine, na juu ya kila moja ameweka kichwa cha habari. Kichwa chenyewe ni jina langu. Majina yote manne, kama yalivyo kwenye cheti cha ubatizo.

Kabla ya hapo mtu akitafuta jina langu alikuwa anapata picha moja, nimeshika keki kwenye siku ya kuzaliwa ya mwenye duka. Ámbar alikuwa mtu mwingine! Hakuna aliyekuwa anajua kwamba sisi ni mmoja ila mimi, na marehemu, na wewe. Miaka yote hiyo nimejificha nyuma ya kinyago, umekuja kunivua wewe, kwa mwandiko mzuri, ukaandika na mtaa ninaokaa. Mtu wa tabia njema!

Mwenye duka ameniambia nipumzike nyumbani kidogo. Mama yangu nimemwambia mtandao umekatika mtaa mzima. Jana mwanasheria wa Wilmar amepeleka kwa komisaa karatasi moja tu. Si video. Ni notisi yako, yenye jina lako na kiapo chako. Nilikuwa naogopa mwizi asiyejua jina langu, na ushahidi wa kunipokonya mtoto umeandikwa na rafiki yangu.

Heri ungekataa tangu mwanzo. Heri ungeiacha barua yangu iungue. Na najua nilikuambia andika unavyoona inafaa, mimi ndiye niliyekwambia, usiku silali kwa neno hilo. Usiniandikie tena.

Derly


Salamina, 16 Mei 2019

Derly,

Umesema nisiandike, naandika mara hii tu.

Sina la kujitetea. Nilitaka uonekane mtu, si kitu. Nikakutaja kama ninavyomtaja mtu. Nimewaandikia wenye daftari walifute jina, wamejibu kwamba maneno ya kiapo hayafutwi, ila naweza kuongeza maelezo.

Niambie shauri ni saa ngapi, na ofisi iko mtaa gani.

Nubia


Pereira, 17 Mei 2019

Usije. Ukija wataniambia nikae chini, wewe watakuapisha, na ukiapa utasema kweli, nimeshakujua. Kama unanipenda hata kidogo, baki huko huko.

D.


Pereira, 14 Juni 2019

Doña Nubia,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia koridoni. Nilipokuona juzi umekaa kwenye lile benchi na mkoba mapajani nilitaka kukutoa kwa mikono yangu. Wakili wa bure niliyepewa aliniambia nitulie.

Unakumbuka mwanasheria alivyofungua kompyuta yake? Komisaa akamwambia, "Ifunge. Ofisini kwangu hayo hayaonyeshwi, na mtoto yuko chumba cha pili. Una nini kingine?" Akampa karatasi yako. Komisaa akaisoma yote, akavua miwani, akauliza nani ameandika hii. Ukasimama. Nilijua nimekwisha.

"Umeandika wewe, mama?"

"Mimi."

"Kwa kiapo?"

"Kwa kiapo."

"Na sasa nakuapisha tena. Mwanamke aliyetajwa humu ndiye huyu aliyekaa hapa?"

Ukanitazama. Nikafumba macho. Nikakusikia unasema, kwa sauti ile ya kusoma hati, "Jina ni lake, video si zake. Huyu msichana alikuwa anakuja kufagia. Karatasi zake zilichanganyika na za wale wengine kwenye sanduku la marehemu mume wangu, nami kwa uzee nikanakili jina lisilohusika. Nimemchafua mtu asiye na hatia, nimekuja kulisafisha jina lake."

Mwanasheria akaruka. "Bibi, unajua adhabu ya kiapo cha uongo?"

"Mwanangu, viapo nilikuwa navipiga chapa wewe hujaota meno."

Komisaa aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Kisha akasema karatasi hiyo haina nguvu tena mbele yake, na Salomé anabaki nilipo.

Wilmar anajua. Niliona usoni mwake, alisikiliza sauti yangu nilipojibu jina langu akageuza macho. Anajua, na hana karatasi. Labda atarudi na nyingine. Video bado zipo, sasa ni arobaini na moja, mwizi ameongeza. Sitapona na hilo, nimeanza kulielewa. Duka la dawa halijaniita. Lakini leo asubuhi Salomé alinigombeza kwa kumchana nywele kwa nguvu, nikamshukuru Mungu kwa kugombezwa.

Niliteremka ngazi mbio kukutafuta, basi la kwenu, la kupitia Manizales, likawa limeshaondoka na wewe. Kwa nini uliondoka bila kuniaga? Nisamehe kwa ile barua. Jumapili moja nataka nije na Salomé, tukae na wewe kanisani, benchi moja, watu waulize hawa ni nani.

Derly


Salamina, 2 Julai 2019

Mwanangu Derly,

Umengoja jibu sana, nisamehe. Njooni, lakini njooni Jumamosi. Jumapili sipendi mnione, maana siku hizi nakaa nyuma, na wenzangu wakienda kupokea komunyo mimi nabaki kwenye benchi. Watu wameanza kunihesabia. Jirani aliniuliza kama tumbo linanisumbua.

Hizo video arobaini na moja niletee anwani zake. Nitaandika notisi upya, na zikirudi nitaandika tena. Safari hii jina litakuwa langu peke yake. Kwenye daftari lao nimeongeza maelezo kwamba jina lako nilikosea. Ni uongo wa pili, nao niliuandika bila kukosea herufi.

Usidhani nilikuja Pereira nimeshaamua. Kwenye basi nilikuwa nasema nitanyamaza, nitaomba radhi, nitasema nimesahau. Nilipomsikia mtoto anacheka kwenye chumba cha pili, ndipo nilipojua nitasema nini.

Nilikwenda kuungama kwa Padre Aníbal. Nilimweleza kwamba nimeapa uongo, kwa akili timamu, mbele ya mwenye mamlaka, mimi niliyewaapisha watu miaka thelathini na mmoja na sikuwahi kumwonea huruma aliyedanganya. Hakunifokea. Alisema dhambi hiyo ina msamaha kama nyingine, nijute tu kwa moyo wangu wote, naye ataniondolea.

Basi Jumamosi tatu sasa napiga magoti kwenye kiti chake cha maungamo. Nasema, najuta, Padre. Yeye ananifahamu tangu nilipokuwa bibi harusi, hanipi msamaha upesi. Ananiuliza, "Kweli, Nubia? Ukirudishwa leo kwenye chumba kile, ukaulizwa swali lile lile, utasema nini?"

Nami siwezi kumdanganya Padre. Namwambia ningesema yale yale, ila ningeyasema kwa sauti kubwa zaidi. Anafunga kidirisha, nami narudi nyumbani bila msamaha.

Mama yako,
Nubia